Nilivyomsomea Khala Zuwena

Juzi ndani ya lifti ya ofisini kwetu, hapa Al Khuwair, bibi mmoja alinyanyua mkono kubonyeza namba, bangili zake zikagongana. Wallahi sikustahamili. Nilishuka ghorofa ya pili, mimi ninayefanya kazi ghorofa ya sita, nikapanda ngazi zilizobaki kwa miguu. Mlio ule ni wa Khala Zuwena, mdogo wake mama, na leo nitakwambieni jambo ambalo mama mwenyewe hajalijua.

Khala alitoka Unguja kuja kukaa nasi huku kwa Waarabu nikiwa na miaka tisa. Alikuwa mcheshi, mikono haitulii, na bangili sita za dhahabu alizoachiwa na mama yake zikimtangaza kabla hajaingia chumbani. Kila Ijumaa, tukishakula pilau na wakubwa wakalala, mimi na yeye tukikaa chini na bakuli la bisi, tukaangalia filamu ya Kihindi. Kihindi hatukijui hata mmoja wetu. Chini ya picha yakipita maandishi ya Kiarabu. Khala msahafu akiusoma bila ya kukwama, lakini yale maandishi hayana irabu, yapita mbio, na Kiarabu chenyewe alikuwa hajakishika. Mimi nikisoma skuli ya hapa, ya Kiarabu. Basi nasoma, namgeuzia Kiswahili, na mambo ya aibu nayaruka.

Mwaka ule akaja mposaji. Mtanashati, ananukia udi, alikuja mara mbili na mzee aliyesema ni ami yake. Mimi akiniletea chokoleti, kwa hivyo kwangu hakuwa na kasoro. Khala alimpenda mpaka chakula kikamshinda. Siku moja akapiga simu: anazitaka zile bangili azipeleke kwa sonara wa sokoni Matrah, apate kumtengenezea mkufu wa nakshi ile ile, uwe zawadi ya harusi. Atazipitia Jumamosi. Khala hakumwambia mtu ila mimi. Alishinda akizivua na kuzivaa tena.

Ijumaa ile filamu ilikuwa ya msichana aliyependwa na kijana wa maneno matamu. Msichana akampa vito vya mama yake. Kijana akatoweka, polisi wakaingia, na mwisho msichana akafungua barua aliyoachiwa na kijana, machozi yakimtiririka. Nilikuwa nimemuegemea Khala kifuani. Aliacha kutafuna.

"Anasemaje?" akaniuliza.

Barua ilisema: jina langu silo hilo, usinitafute. Niliisoma yote. Lakini sisi watoto tulikuwa na sheria zetu: steringi wa filamu hafi, na steringi hawi adui. Tena nilikwisha pimiwa gauni la harusi, la rangi ya waridi, lenye mikono ya puto.

"Anasema amngoje. Amekwenda kuwaleta wazee wake."

"Mbona analia?"

"Kwa furaha."

Khala akashusha pumzi, akanibusu utosini. Jumamosi alizifunga bangili kwenye kitambaa, akampa mposaji pale mlangoni.

Hakurudi. Simu yake ikawa haishiki. Baba alikwenda Qantab, alikosema mposaji ndiko kwao, akauliza mlango kwa mlango; mtu wa jina lile hawamjui, na yule ami hakujulikana ni ami wa nani. Mama akisema kikulacho ki nguoni mwako, akimkusudia yule mwanamme, na mimi nikaona kama ananitazama mimi. Khala hakunitaja. Lakini kuanzia hapo, akiingia chumbani, simsikii. Nacheza, nageuka, yupo nyuma yangu amesimama. Niliogopa, jamani. Niliogopa mikono mitupu ya mtu niliyempenda.

Hakuolewa. Kiarabu alikishika mpaka kikashinda changu. Mwaka jana filamu ile ikarudishwa, Ijumaa mchana, tumekaa wawili kwake. Nilitaka kuinuka, nikajizuia. Barua ilipofunguliwa akaisoma kwa sauti, pole pole, mpaka mwisho. Nikalia, mtu mzima mimi, nikamtolea yote: gauni, chokoleti, uongo.

Akanishika mkono. "Mwanangu, siku ile ile nilijua. Nani analia vile kwa furaha? Nilikuwa nataka tu mtu aniambie atarudi."

Nilitoka pale nimetuliwa mzigo wa miaka. Nililala vizuri siku tatu. Ya nne, niko jikoni nachambua mchele, nikakumbuka kile kifua nilichokiegemea, jinsi kilivyokuwa kigumu, na jinsi kilivyolegea niliposema "kwa furaha". Anayejua halegei vile. Khala aliniamini. Na sasa, aliponiona nalia, alinigeuzia maneno kama nilivyomgeuzia mimi, kwa kunipenda.

Sikumwambia kuwa nimeelewa. Ijumaa nakwenda kwake kama kawaida, napiga hodi, nasimama nimetega sikio, na mlango unafunguka bila ya kumsikia akija.