Innes Cruden na Uongo wa Jiwe Lililolala

Umande haujakauka kilimani, na Innes Cruden anasukuma mashine ya kukatia nyasi katikati ya mawe, polepole, asije akayagonga. Mawe yamesimama kwa duara. Moja tu, kubwa kama ng'ombe, limelala ubavu upande wa kusini.

Wageni wawili wanasogea. "Mzee, haya yalikuwa ya nini?"

Innes anazima mashine. Shingo inamwiva kwa aibu. "Sijui," anajibu. "Na anayejua bado hajazaliwa."

Hadi mwaka jana hakujibu hivyo. Mkazi huyu wa Aberdeenshire, Uskoti, ameajiriwa kufyeka nyasi na kuzibua mitaro, si kuongoza wageni. Lakini kwa miaka kumi na tisa wamekuwa wakimwuliza yeye, kwa kuwa ndiye wanayemkuta.

"Wataalamu wengine wanasema watu walitazama mwezi hapa, wengine wanasema ni makaburi," anasema. "Mgeni anataka jibu moja. Basi nikampa."

Jibu lake lilikuwa kwamba watu wa kale walilaza watoto wagonjwa juu ya jiwe lile, wakainuka wazima. Alilibuni akinywa chai. Wageni wakalipenda, mmoja akamrekodi kwa video, likaenea mtandaoni.

Oktoba iliyopita, mvua ikinyesha, alimkuta Shona Geddes, mama kutoka Glasgow, amemlaza bintiye juu ya jiwe. Ailsa, mwenye umri wa miaka saba, miguu yake haina nguvu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi kwa baridi.

"Mama, mtoto ataganda huyo! Mwinue!"

"Bado kidogo. Si wewe ndiye uliyesema kwenye ile video?"

Siku hiyo walitakiwa kuwa hospitalini. Shona aliacha miadi iliyosubiriwa miezi mingi, akaja kilimani.

Innes anasimulia akitazama buti zake. "Nilimwambia ukweli. Hadithi niliitunga mimi."

Shona hakumtukana. Alimfunika mtoto kwa koti la Innes, akauliza, "Ulipoitunga, ulicheka?"

"Nilicheka," Innes akajibu.

Innes akambeba Ailsa hadi kwenye gari la mama yake. Njia nzima mtoto alimtazama usoni.

Baadaye baa ya kijijini ilimgeuza mzaha. "Mganga, mgongo wangu unauma, nilale wapi?" humtania jirani yake. Innes hunywa bia yake na kuondoka mapema.

Ailsa alipata miadi mingine, akafanyiwa upasuaji. Sasa anajifunza kutembea kwa magongo. Wiki iliyopita, baada ya simu nyingi zisizopokelewa, Shona alikubali Innes aende Glasgow Jumapili hii.

"Utamwambia nini mama wa watu ambacho hujamwambia?" anauliza mkewe, Muriel, akimpigia pasi shati.

"Siendi kwa mama. Naenda kwa mtoto," anasema Innes. "Alikuwa ananitazama tu ile siku, hakuna aliyemweleza kitu. Huenda mpaka leo anadhani jiwe lilimkataa."