Safu ya Picha

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ukumbi mmoja wa mikutano kule Isipingo, mpanga viti mwenzangu aliniambia kwamba mashoga wote wa Durban wana mwenyekiti wao mmoja, tajiri kupindukia, na kwamba kila chama cha siasa, cha kihafidhina na cha kiliberali, humpigia simu kabla ya kufanya lolote. Akisema kura ziende huku, zote huku. Akinuna, serikali inaanguka kabla ya chai ya asubuhi. Niliamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha. Kila mkutano nikamwachia kiti cha akiba, kile cha mgeni mkubwa asiyetangazwa. Hakuja hata mara moja. Nikasema huo ndio ukubwa wenyewe.

Kazi yetu iliwahusu sana wanasiasa, vijana wangu, ingawa hakuna aliyetupigia makofi. Watu wachache wakija, unapanua safu, kati ya kiti na kiti unaacha nafasi ya kupita ng'ombe na ndama wake, na ukumbi unaonekana umefurika. Safu ya mbele kabisa tuliiita safu ya picha, kwa sababu kamera haina hamu na walio nyuma yake. Ya mwisho ni safu ya mlango: anayekaa pale hutoka bila kuonekana, au hutolewa bila kuonekana. Viti nilivyopanga mimi, ukivibebanisha, unamgusa malaika unyayo.

Toka Isipingo nikahamishiwa Umbilo, na toka Umbilo, baada ya cheti cha shule ya usiku nilichokipata pamoja na mvi zangu zote, nikapandishwa kuwa msimamizi wa viti Sydenham. Pale ndipo nilipomjua Fiston, msusi kutoka Bukavu, aliyetupiwa vitu nje na mwenye nyumba wake kwa sababu ni shoga. Kila Alhamisi mchana yeye na wenzake, wakimbizi kama mimi, walipewa chumba kidogo nyuma ya jukwaa. Walikula, waliimba nyimbo za kanisani, waliambiana nani ana godoro la ziada. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Katika mji huu mzima sikujua mlango mwingine ambao komeo lake lilikuwa upande wao.

Chumba walikipata kwa Mheshimiwa Diwani, mama wa chama cha kiliberali. Kila mkutano wake aliniagiza, "Baba, akina Fiston safu ya picha." Wakakaa pale na bendera yao, wakapigwa picha mpaka nikahofia rangi za bendera zitachujuka. Mpinzani wake, Mchungaji wa chama cha kihafidhina, naye aliagiza kivyake: "Waweke mlangoni, mzee. Siwafukuzi, ila siwaoni." Na nywele za mke wake alizisuka Fiston huyo huyo.

Ajabu ni kwamba Fiston alimpenda Mchungaji.

"Papa, mimi niko mlokole," aliniambia siku moja tukikunja viti. "Huyu anasema wafanyabiashara wadogo waachwe, polisi wasituchukulie vitu. Ni vrai, ni kweli kabisa. Yule mama anatupenda sana, lakini hajaniuliza kitu kingine, ni hiyo moja tu."

"Sasa wewe uko wa nani?"

"Niko wa ule atakayeniachia komeo."

Kura zilipohesabiwa, hakuna chama kilichotosha peke yake. Ikabidi hao wawili waungane. Shule ya usiku walitufundisha muungano wa vyama ni nini. Mimi nasema ni ndoa ambayo mahari hulipwa na jirani. Siku ya kutia sahihi, Diwani aliwahi kufika.

"Baba, leo safu ya picha wakae wazee wa makanisa."

"Na akina Fiston? Mlangoni?"

Aliangalia simu yake. "Leo wasije kabisa. Na kile chumba Mchungaji anakitaka kwa maombi ya akina mama. Wataelewa. Ni watu waelewa sana."

Meneja wa Ukumbi, Mzulu mpole, alinipa kufuli jipya. "Eish, madala," alisema, yaani mzee. "Sisi ni wa viti tu."

Nikapanga. Safu zilinyooka kama uzi wa fundi.

Fiston alikuja Alhamisi akakuta kufuli. Hakugombana na mtu. "Kumbe wanaweza kukubaliana," alisema, akaenda.

Wakahamia kwenye kontena nyuma ya duka la simu, karibu na stendi ya teksi Isipingo. Halikuwa na komeo. Hazikupita wiki nyingi, watu wakaingia mchana kweupe na marungu. Mwenzao mmoja, mpishi wao wa siku zote, alifia pale pale kando ya sufuria. Fiston walimvunja vidole vya mkono wa kulia, vyote. Diwani alituma masikitiko na Mchungaji alituma maombi, katika tangazo moja, lenye nembo za vyama vyote viwili.

Sasa nimestaafu, na Fiston analala sebuleni kwangu. Vijana wakiniuliza chama kipi ni kizuri kwa watu kama yeye, nawaambia wasitazame viti vya kampeni, watazame vya siku ya sahihi. Yeye hasuki tena. Juzi nikimmenyea chungwa, nilimuuliza jambo ambalo kwa heshima sikuwahi kumuuliza, maana mtu haulizwi habari za wakubwa wake: mbona mwenyekiti wao amenyamaza hivi?

"Mwenyekiti gani, papa?"

"Wa mashoga wote. Yule tajiri, anayepigiwa simu na vyama."

Alinitazama kuona kama namtania. Nilikuwa nimeshika chungwa, namngoja.

"Hakuna," alisema. "Hajawahi kuwa. Tulikuwa sisi tu, wale wa Alhamisi."