Bipu Nilizozifuta

Kiburi cha kuita takataka jambo nisilolielewa ndilo kosa langu, mwanangu, na sitaki ulirithi. Nakumbuka siku moja mjini Doha, nikiwa kijana wa kompyuta katika kampuni ya ulinzi, meneja aliniagiza nichore mtandao wa simu za kazini: kila mfanyakazi nukta, kila simu uzi. Ghala moja kule kisiwani The Pearl lilikuwa limeibiwa, naye alitaka kundi la wezi kabla ya adhuhuri. Watakaotajwa wangefutiwa vibali vya kazi na kurudishwa kwao.

Niliugeuza mtandao kuwa jedwali, nikalitafutia thamani eigeni, yaani namba zinazofichua umbo lake. Ya kwanza huwa sifuri daima. Ya pili ndiyo shahidi: ikikaribia sifuri, mtandao una ufa, na ukikata nyuzi chache unagawanyika; ikipanda, watu wamesukwa pamoja, hapana pa kukata. Yangu ilikuwa juu kidogo tu ya sifuri. Walinzi saba wa kituo cha Lusail walisimama peke yao, kama kundi la siri. Nikaona fahari, nikachapa majina.

Bi Mwanaisha, Mzanzibari aliyetupikia chai ofisini, aliweka kikombe, akaitazama karatasi. Jina la tatu lilikuwa la mwanawe.

"Huyu hunipigia simu ya kazini kila asubuhi," alisema. "Mbona mimi simo?"

"Huzungumza nawe muda gani?"

"Kuzungumza? Hubipu tu. Moja, nimefika salama. Mbili, niwekee chakula. Kwani kwenu, msomi, hamkubipu?"

Nikaifungua tena kompyuta. Simu zote za sekunde sifuri nilikuwa nimezifuta nikiziita kelele; mimi, ambaye mama alikuwa akinijulia hali shuleni kwa bipu. Nilizirudisha zote. Thamani ya pili ikapanda, ufa ukatoweka, na adhana ya adhuhuri ikaanza.

Niliingia kwa meneja nikikiogopea kibali changu mwenyewe, nikakiri.

"Kwa hiyo huna kundi?"

"Sina, bwana. Nilikuwa na kosa."

Aliichana orodha, akaniamuru nirudi mezani. Hadi leo kila orodha ya majina huirudia mara mbili kabla ya kuitoa.

Mwanangu, chombo cha kugawa watu kitakugawia hata pasipo mpaka. Kabla hujauamini ufa, chunguza ulichokifuta; na usimhukumu mtu kwa sababu ya anaozungumza nao tu. Mungu akutie hofu ya kuuzuia mkono wako, na akujalie mtu wa kukuuliza mapema, kama alivyonijalia mimi Bi Mwanaisha.