Imenyooka, Haijatulia

Lori lililompa mgeni lifti lilimshusha mbele ya lango la karakana, likageuza, likaenda zake. Alikuwa safarini kwenda ng'ambo ya ziwa, na njiani aliambiwa kwamba feri imelala, na anayetaka kujua sababu akamuulize Mama Chembe. Hakuwa na haja ya kuuliza. Ndani alimkuta mwanamke mfupi, miwani kaipandisha kichwani, amesimama mbele ya shafti ndefu ya chuma kama mtu aliyeziba mlango, na wanaume wawili wanamfokea.

"Dada, jana ulisema imetulia!"

Aliyesema hayo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa presi. Feri ilipopanda mwamba na kuipinda shafti inayozungusha pangaboi lake, yeye ndiye aliyeibana kwenye presi hadi ikanyooka, kisha ikapashwa moto tanurini ili chuma kitulie.

"Nilisema," akajibu Mama Chembe.

"Karakana nzima imesikia. Leo unakula matapishi yako?"

"Nayala. Niletee na maji ya kushushia." Kisha akageuka. "Karibu, mgeni. Angalia usikanyage waya."

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alianza kazi maabara akiwa msichana, akisugua vipande vya chuma mpaka ving'are kama kioo. Siku alipoinama kwenye hadubini kwa mara ya kwanza, akaona kwamba chuma kile kigumu kimeundwa na chembe zilizobanana, kila moja imeelekea kwake, alitoka mbio kumwita mpishi, mlinzi na mhasibu waje waone. Baadaye alikwenda kusoma, akarudi, akakabidhiwa mashine ya eksirei ya kupimia vyuma. Ulimi haukupumzika tangu hapo. Siku ya harusi alimweleza bwana harusi jinsi pete ilivyojaa chembe, na bwana wa watu akadhani ameuziwa pete ya bandia.

"Mama, watu wanazunguka ziwa kwa miguu," alisema nahodha, yule mwanamume wa pili. "Nijibu neno moja. Imenyooka au haijanyooka?"

"Imenyooka. Haijatulia."

"Hayo ni maneno mawili."

"Basi chukua la pili."

Akawaita kwenye kompyuta yake. Mashine yake humulika chembe na kuonyesha kama zimevutwa au zimebanwa. Majibu huja kama mstari: ukihama mahali pake, chuma kina mvutano. Jana mstari ulikuwa palepale panapotakiwa, naye akasema shafti imetulia. Usiku kucha, hata hivyo, unene wa mstari ule ulimkera. Ulikuwa mnene mno, kana kwamba chembe hazijakubaliana.

"Mmewahi kuona watu wakivutana kamba?" aliuliza. "Wakilingana nguvu, kile kitambaa cha katikati hakiendi huku wala kule. Ukitazama kitambaa peke yake utasema watu wamelala. Jana nilitazama kitambaa. Leo nimeigeuza shafti, nikazimulika chembe zilizoelekea upande mwingine. Hizi zinavuta, zile zinasukuma. Presi imezikunja, na moto wetu haukufika moyoni kuzilegeza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nahodha. Mshindo huo usikukute katikati ya maji."

Nahodha akageuka kuitazama shafti upya. Mdogo mtu hakushawishika.

"Sema tu unaliogopa benchi, dada."

Karakana ile ina sheria moja ambayo haikuandikwa popote: aliyetamka kwamba shafti imetulia ndiye anayeketi safari ya kwanza kwenye benchi la chumba cha injini, shafti ikizunguka chini ya miguu yake. Mama Chembe alikuwa amelikalia benchi lile kwa kila shafti aliyoipitisha, na hakuna hata moja iliyoharibika hadi feri ikarudi ikivutwa. Neno lile lilimchoma palepale lilipolengwa.

"Iingie tanurini tena," alisema polepole. "Tuipashe taratibu, na ipoe mlango ukiwa umefungwa. Kama chembe zinavutana, zikilegea shafti itapinda yenyewe. Ikitoka imenyooka vilevile, nitakuomba radhi mbele ya hawa wote, na funguo za maabara nitakukabidhi wewe."

"Nitazifanyia nini mimi?"

"Utafungulia chupa za soda."

Hata nahodha alicheka, na shafti ikaingia tanurini.

Ilipotoka na kupoa, waliilaza kwenye vishikizo, wakaigusisha sindano ya kipimo. Fundi wa presi akaizungusha kwa mikono yake mwenyewe. Robo ya mzunguko, sindano ikakaa. Nusu, ikasogea. Akarudia, ikasogea tena pale pale. Shafti ilikuwa imepinda kidogo, kiasi ambacho jicho lisingekijua, na hakuna aliyeigusa.

"Ibilisi huyu," alinong'ona.

"Si ibilisi. Ni chembe zako, zimechoka kuvutana."

Mama Chembe alimshika bega, akasimama naye mpaka mdogo wake alipoitikia kwa kichwa na kwenda kuwasha presi. Safari hii aliinyoosha ikiwa ya moto, akikanda kidogokidogo, kisha wakairudisha tanurini. Ilipopoa, sindano haikutikisika. Mama Chembe akaimulika upande huu, akaigeuza, akaimulika upande ule. Mstari ulikuwa mahali pake, mwembamba kama uzi.

"Nahodha," alisema, na sauti yake ikafika hadi langoni, "imetulia. Na leo nasema nikiwa nimemaliza kutazama."

Mgeni aliomba apande feri siku ilipofungwa shafti. Nahodha akakataa: safari ya kwanza haibebi abiria, asubiri ya pili pamoja na mlinzi.

Mama Chembe alishuka ngazi ya injini na mto wa kukalia kwapani, maana benchi lile ni gumu. Alikuta mtu amekwisha kukaa.

"Wewe nani kakuita?"

"Nimeinyoosha mara mbili, dada. Na mimi nina haki."

"Basi sogea. Mwili wote huo utadhani tuna mabenchi mawili."

Injini ikawaka. Sahani ya chuma chini ya miguu yao ikaanza kuvuma, mvumo mmoja usiokwaruza popote, na Mama Chembe akavua viatu ili ausikie vizuri. Juu, kamba zilifunguliwa. Mgeni alibaki gatini akiitazama feri ikikata maji, hadi mlinzi alipomwita aje kuonja chai kabla haijapoa.