Wenyewe wa Bwawa la Juu

Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu kwenye milima ya Iramba, hakuna aliyechota maji ya kijito kabla ya kuwaona wenyewe. Wenyewe walikuwa samaki wadogo, weusi kichwani, wasiozidi kidole, waliokaa bwawa la juu kabisa, chini ya mwamba. Kambare wa mabwawa ya chini tuliwala bila wasiwasi. Hawa hawakuliwa. Bibi yangu, aliyenilea pamoja na mama, alisema maji ni yao, sisi tunaomba tu. Usipowaona, rudi na ndoo tupu. Wameondoka, na wakiondoka hawaondoki peke yao.

Kila niliporudi aliniuliza neno moja, "Umewaona?" Halafu alikunywa kikombe cha kwanza yeye, ndipo wengine tunywe.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, na wenzangu walinisubiri tucheze rede. Niliinama bwawani nikatazama. Hakuna kitu. Nikatupia punje za mtama, zikazama zote bila kuguswa. Hata vyura walikuwa kimya. Nilijua la kufanya, sikatai. Lakini kisima kingine kilikuwa mbali bondeni, na mimi nilikuwa mvivu, tusidanganyane. Nikachota.

"Umewaona?"

"Nimewaona, bibi."

Akanywa. Nikakimbilia rede.

Niliporudi nilimkuta amejikunja mkekani, anatapika, mama amemshika kichwa. Akaniita karibu.

"Mjukuu wangu, uliwaona kweli?"

Nilimtazama mama, nikaogopa fimbo. Nikasema ndiyo.

Bibi akainuka kwa kushikilia ukuta, akaupindua mtungi, maji yote yakamwagika sakafuni.

"Mjusi kaingia humo," akamwambia mama. "Mtu asinywe."

Hapakuwa na mjusi.

Kesho yake wanaume walipanda mlimani wakakuta chupa za dawa ya shambani nyuma ya mwamba. Kuna watu waliimwaga bwawani wavue kwa urahisi. Kambare walielea mabwawa yote ya chini, matumbo juu. Bibi alifariki siku ya tatu, njiani kupelekwa hospitali ya Kiomboi. Msibani walisema wenyewe wameondoka naye. Nililia kuliko wote, watu wakanihurumia, na huruma ile iliniuma mno.

Sasa ninaishi mjini, Utemini, maji yetu ni ya bomba la mtaani. Nimeshaelewa kwamba wale samaki walikuwa wanatuonjea, kwa kuwa sumu huwaua wao kwanza. Kuelewa hakujanipunguzia kitu. Bibi alijua nimemdanganya, akatumia nguvu zake za mwisho kunifichia aibu. Mama alizeeka akimlaumu mjusi, kwa kuwa aliamini niliwaona wenyewe kabla sumu haijamwagwa, na mimi sikumwambia ukweli.

Juzi binti yangu aliingia na ndoo kichwani, nikajikuta namuuliza, "Umewaona?"

"Kina nani, mama?"

Nikachukua kikombe, nikachota, nikanywa wa kwanza.