Mlango wa Mama Mkwe

Kwa majuma matatu niliamka kila asubuhi nikaenda kuuangalia ukuta kabla hata ya chai. Mkononi nilikuwa na chaki ya kushonea, ile bapa ya kuchorea suruali, maana mimi ni fundi cherehani na chaki ndiyo kalamu yangu. Palipokuwa na ufa niliweka alama pale unapoishia. Kesho yake nikikuta ufa umevuka alama, nilichora nyingine mbele yake. Na ulikuwa unavuka.

Nyumba yetu iko Korogwe, kwenye mteremko, na sikuijenga mimi. Niliinunua kwa mtu aliyechimba chumba chini ya ardhi ahifadhi mahindi yake. Chumba chenyewe hakina ubaya, kina vidirisha viwili vya nondo vinavyochungulia usawa wa majani. Ila kukiingia ilikuwa lazima upite ndani: unavuka sebule, unafika kwenye ujia mbele ya mlango wa chumba chetu cha kulala, unafunua mfuniko wa mbao sakafuni, unashuka ngazi ya mbao kinyumenyume. Huku juu kuna sebule na hicho chumba kimoja cha kulala, basi.

Mke wangu alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kwanza zilitoka, na hii ya tatu presha ilikuwa inapanda. Daktari akasema asiinue hata ndoo ya maji, na awe na mtu karibu saa zote. Mtu aliyemtaka alikuwa mmoja tu, mama yake, aliyeko kijijini Handeni. Mama akajibu kwenye simu, nami nasikia: "Nije nilale wapi? Nimpite mkwe wangu sebuleni na kanga ya kulalia? Nikanyage mlangoni pa chumba anacholala na wewe? Siji, mwanangu. Nitafutieni mlango wangu."

Msicheke. Kwao mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali pamoja. Tangu nioe, miaka sita, nilikuwa nimeuona mgongo wake na visigino vyake tu. Shikamoo yangu ilipita ukutani, na marahaba yake ikarudi kwa njia hiyo hiyo. Akiwa na neno nami alimwambia binti yake, "Mwambie mumeo," hata kama nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Nilishazoea, na kusema kweli nilipenda. Msiyeonana naye hamgombani.

Basi nikamwita fundi wa kujenga. Ni mtu mzima mwenye maneno mengi, ananiita mshona nguo. Nikamweleza: chimba kando ya nyumba, jenga ngazi za zege zishuke mpaka chini, toboa ukuta, weka mlango. Akaizunguka nyumba mara mbili, akatema mate.

"Mshona nguo, unataka nitoboe ukuta ambao nyumba yote imeukalia?"

"Ndiyo."

"Na mvua?" Akaitazama milima ya Usambara. "Mvua hazina simu, ujue. Mkeo bado wiki ngapi?"

"Tano."

"Haya," akasema, "tuanze leo basi."

Wakachimba, yeye na vibarua wawili. Udongo ulipoondoka ukuta ukabaki wazi kama jino lililotoka fizi, na nikauona msingi wenyewe ulivyo mwembamba. Usiku sikulala, nikisikiliza bati likilia kwa baridi, nikidhani ni tofali. Siku ya nne nyufa zikaanza, moja kutoka kwenye dirisha la sebule, nyingine juu ya ule mlango uliokuwa unatobolewa. Nilikuwa naogopa vitu viwili kwa mpigo. Kazi ikichelewa, mke wangu atajifungua bila mama yake, na mtoto wa tatu huyu naye nitamkosa. Kazi ikiharakishwa, nyumba itamwangukia mama wa watu humo chini.

Fundi akanikuta na chaki yangu. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema, anacheka. "Tuagize kabisa tofali?"

Nilimfokea mbele ya vibarua wake. Nilimwambia kama anaona mchezo akachezee kwake. Hakukasirika. "Nyumba ukiichokoza lazima inune," akasema. "Nikishaifunga linta itatulia." Akafunga nondo, akamwaga zege juu ya mlango, na kweli, siku ya tatu baada ya hapo nyufa zikasimama kwenye alama zangu. Lakini hofu yangu haikusimama. Ilihama tu, ikatoka ukutani ikaenda mawinguni.

Sasa nisikilizeni nilivyoharibu mwenyewe. Fundi alitaka mlango ufungukie ndani, mimi nikasema utagonga kitanda, ufungukie nje. Alitaka pale mwisho wa ngazi achimbe shimo refu, alijaze mawe ili linywe maji, na juu ajenge tuta la kuzuia maji ya barabarani. Kazi hiyo ingechukua siku nne. Miguu ya mke wangu ilikuwa imevimba hata kandambili haziingii. Nikamwambia, "Fundi, funga mlango mama aje. Shimo utachimba baadaye."

"Mkamia maji hayanywi, mshona nguo."

"Fanya kazi, wacha methali!"

Mama akaja na basi la asubuhi, na mimi nikajificha dukani kwangu mpaka aingie. Jioni mke wangu akaniletea ujumbe: mama anashukuru kwa mlango, ila mwambie mumeo lile tundu la juu alifunike vizuri. Nilifurahi kupata kitu cha kumfanyia. Nikachukua misumari ya inchi nne, nikaupigilia mfuniko misumari minane, na juu yake nikaweka cherehani changu kibovu cha miguu. Ile ngazi ya mbao ilishapasuliwa kuni siku nyingi. Mke wangu akasimama ananitazama.

"Kasema ufunike," akasema. "Hajasema uzike."

Nikamwambia heshima haina kipimo. Lo, maneno mengine mtu angeyameza tu.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, ana sauti ya muuza samaki. Kwa desturi ya arobaini mke wangu na mtoto walilala chini na bibi, na mimi nikabaki peke yangu juu, nikiwasikia wakicheka chini ya sakafu. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na wasiwasi, na wasiwasi ndio uliokuwa mkubwa. Kila alasiri nilitoka nikaitazama milima. Fundi alikuwa amepata kazi Kabuku. Kila nikimpigia alisema atakuja keshokutwa.

Ilikuwa kama siku ya ishirini na tano. Mke wangu alikuwa uani anaoga. Milima ikafunga weusi, na mvua ikaja yote kwa mara moja, hata manyunyu haikututangulizia. Nilifikiri ni ya kupita. Kisha nikasikia maji yanaporomoka kando ya nyumba, nikatoka mbio. Maji ya barabarani yalikuwa yamezipata ngazi zangu, yanashuka moja baada ya nyingine, na pale chini hayana pa kwenda.

Nikaingia. Yakanifika kiunoni. Nikavuta mlango kwa mikono miwili, nikaweka na mguu ukutani, mlango hausogei, maji yameuegemea. Huko ndani mtoto analia. Nikapanda, nikalala kifudifudi kwenye kidirisha. Mama alikuwa amesimama juu ya kitanda, mtoto begani, maji yameshafika kwenye godoro. Akanisikia. Akageuza uso ukutani.

Yarabi, hata sasa?

Nikarudi ndani. Cherehani nilikipindua, sijui nguvu nilitoa wapi. Nikachukua mtaimbo nikaanza na misumari. Mmoja. Wa pili. Wa tatu ukapinda kichwa ukakataa. Nilikuwa natukana, najitukana mwenyewe kwa jina langu na la baba yangu. Ulipotoka wa nane mfuniko ukafunguka, na pale chini palikuwa na kitanda, na juu ya kitanda yule mama, kajitupia kanga usoni, kamwinua mtoto kwa mikono yote miwili.

Nikampokea. Mke wangu alikuwa ameshaingia, sabuni bado masikioni, akaninyang'anya mtoto bila neno. Nikalala tena pale sakafuni nikashusha mkono.

Mama hakuushika. Akajivua ile kanga, akairusha ncha moja, nikaidaka. Niliijua. Ni mimi niliyeikunja pindo nikampelekea sikukuu ya Idi. Nikajizungushia mkononi, yeye akajizungushia wake, nikavuta. Ni mtu mwenye mwili. Akapanda kwenye mbao za kichwani mwa kitanda, akafika nusu, kifua chake kikagota ukingoni, na hapo nikaisikia kanga inaanza kuchanika. Sauti hiyo naisikia kila siku dukani, na siku hiyo ilinimaliza.

"Mama, nipe mkono! Itakatika!"

Akazidi kuing'ang'ania kanga. Maji yakazidi kupanda. Kitanda kikayumba chini yake.

"Nishike, mwanangu," akasema.

Mkono wake ulikuwa wa baridi, una sugu za jembe. Nikaushika kwa miwili yangu, nikavuta mpaka tukaangukiana sakafuni. Na tukatazamana. Miaka sita, na ndiyo kwanza nikauona uso wake. Kidevu cha mtoto kilikuwa chake. Kisha akaivuta kanga iliyochanika akajifunika kichwa, akageukia ukuta, na mimi nikageukia ukuta wa pili, machozi yananitoka waziwazi wala sikuyafuta.

Mke wangu akaanza kumbembeleza mtoto. Mtoto akanyamaza. Mvua ilikuwa bado inapiga bati.

"Mwambie mumeo," mama akasema, "ule mfuniko asiupigilie tena misumari."

Mke wangu akanigeukia, mtoto begani. "Mama anasema mfuniko usiupigilie tena misumari."

"Mwambie nimesikia," nikasema.