Viwavi vya Mama Mukwe

Baba yangu, Tambwe, anachoma makala, makaa ya kupikia, kwenye njia ya Kailo, na watu wa Alunguli wanasema visiki vyake havifi. Anakata shina moja, mengine ya kisiki kilekile anayaacha yakue, halafu anahamia pengine. Nilimuuliza nani alimfundisha.

"Haya, ile aibu, njo ilinifundisha," akasema.

Wakati wa vita, mimi sijazaliwa, walikimbilia msitu wa ukoo wa Mama. Humo mlikuwa na miti ya viwavi vinavyoliwa. Desturi ni kungoja viwavi vishuke vyenyewe, wanawake wavikusanye chini. Lakini bunduki zilikuwa zinakaribia, watu wana njaa, Baba akashika shoka. Mti wa kwanza ulianguka, wakala wakashiba. Angeweza kuacha hapo. Aliangusha yote, akauzia wakimbizi wengine viwavi.

Mwaka uliofuata bibi yangu Sofia, mama yake Mama, alienda na kikapu, akarudi nacho kitupu. Hakugomba. Ila tangu siku ile hakula tena kitu kilichotoka mkononi mwa Baba.

Kwetu mwanaume hasemi na mama mukwe uso kwa uso, basi hata kuomba radhi Baba hakuweza. Alilinda tu machipukizi ya vile visiki, miaka na miaka, akifukuza wachoma makala wenzake. Wakamcheka: "Tambwe, unanyonyesha visiki?"

Mwaka huu viwavi vilirudi. Baba alijaza beseni, akasimama mlangoni kwa Bibi, amegeuza mgongo, akasema na Mama, akimwita kwa jina langu mimi mtoto wake.

"Mama Divine, umuambie mama, hivi vimetoka kwa miti yake."

Bibi alisikia kila neno, naye akamwambia Mama: "Béatrice, umuulize aliangusha miti ngapi hii mara."

"Hata mumoja. Nilingojea vishuke."

"Umuulize kama kungojea kunaua muntu."

Baba akaliweka beseni kizingitini bila kugeuka. Shingo yake ilikuwa inatoka jasho.

Bibi alivikaanga kwa chumvi na pilipili. Akala yeye kwanza, polepole, sisi tunamtazama. Kisha akampa Mama sahani. "Upelekee yule wa nje. Umuambie atafune, asimeze kama mwizi."

Baba alichuchumaa nyuma ya nyumba, akatafuna. Nilitaka kwenda kukaa naye, lakini aliniinulia mkono nisikaribie, akafuta macho kwa kiganja chenye masizi.